Spini haionekani, au inaonekana ilhali haipo: kutafuta kosa katika kipimo cha mwanga wa sinkrotroni

Hapa Wete, Pemba, hatuna sinkrotroni, ile mashine kubwa inayozikimbiza na kuzipinda elektroni kwa sumaku hadi zitoe mwanga, na Afrika nzima haina hata moja. Jirani yetu ni SESAME kule Jordan, mashine ya GeV 2.5 (GeV ni kipimo cha nishati ya elektroni) iliyofunguliwa 2017. Tulichonacho sisi ni kompyuta tatu, meza moja yenye mguu mbovu, na vijana wanaokuja barazani kwangu baada ya alasiri kuiga kwa programu kile ambacho wenzetu hukifanya kwa sumaku za kweli. Kazi yenyewe ni kujua spini za elektroni zilizomo kwenye mwale zimeelekea wapi (kila elektroni ni kama sumaku ndogo, na spini ni upande inaoelekea), kwa kuutazama tu mwanga zinaoutoa zinapopindishwa na sumaku. Huuwekei mwale karatasi ya chuma njiani, wala huupigi leza. Unapokea mwanga ambao hata hivyo ungekwenda bure.

Wazo hilo waliliandika A. E. Bondar na E. L. Saldin mwaka 1982. Mwaka 1984 yakachapishwa matokeo ya pete ya VEPP-4, Novosibirsk, yakionesha kwamba nguvu ya mwanga kweli inategemea spini. Baadaye likaja pendekezo la kuitumia njia hiyo Jefferson Lab, Virginia, kwa mwale wa GeV 11 unaopita mara moja na kwenda zake badala ya kuzunguka kwenye pete. Huo ndio mpango tunaouiga hapa, kwa hiyo dalili nyingi nitakazozieleza ni za huko. Pete nitaigusa mwishoni.

Neno moja huwachanganya watu kabla hata hawajakigusa kipimo. Polaraizesheni ya mwanga, yaani mawimbi yake kutikisika kwa mpangilio, si polaraizesheni ya elektroni, yaani kiasi gani spini zimeelekea upande mmoja. Mwanga wa sinkrotroni una polaraizesheni yake hata kama spini zimetawanyika ovyo: katikati ya ukanda mawimbi yanatikisika kwa ulalo, na ukienda juu au chini ya katikati yanaanza kuzunguka, juu upande mmoja na chini upande wa pili. Hiyo ni tabia ya njia iliyopinda, spini haimo. Kuna kijana alinijia na kichujio cha miwani ya jua akitaka kupimia spini. Nilimwambia akae kwanza anywe kahawa.

Gramu 5 kwenye gunia

Shika ukubwa wa unachokitafuta. Sumaku ya tesla 4 na elektroni za GeV 11: nusu ya nguvu ya mwanga imo kwenye fotoni, chembe za mwanga, zenye nishati ya juu ya keV 320 hivi (keV ni sehemu ya milioni ya GeV), na mwanga wenyewe umebanwa kwenye ukanda mwembamba wa pembe ya mikroradiani 46. Ukisimama mita 10 mbele, ukanda huo ni kama nusu milimita kwa kwenda juu. Spini zikielekea mbele, nusu ya juu ya ukanda inapata fotoni nyingi kidogo kuliko ya chini. Zikielekea nyuma, ya chini ndiyo inayozidi. Ipi izidi lini inategemea uga wa sumaku umekaa vipi, na nitalirudia hilo. Toa chini kwa juu, gawa kwa jumla, unapata kitu cha kiasi cha 10⁻⁴, yaani moja katika elfu kumi.

Chukua gunia la karafuu kavu la kilo 50. Sehemu ya 10⁻⁴ ni gramu 5. Unataka kuzijua gramu hizo kwa usahihi wa asilimia 1, yaani miligramu 50, uzito wa karafuu moja hivi. Na mizani umeiweka ndani ya ngalawa.

Uhaba wa fotoni haukusumbui. Kwa usahihi huo unahitaji fotoni 10¹², na mwale wa mikroampia 100 unaopinda kwa miliradiani 10 tu unamwaga zaidi ya 10¹⁵ kwa sekunde. Hata ukizitupa zilizo dhaifu, hesabu inatosha haraka. Kinachokuua ni ngalawa.

Kinageuka na nini?

Ishara ya kweli ya spini ina tabia tatu, na mimi huanzia hapo kwa kila dalili ninayoletewa. Inageuka alama, chanya ikawa hasi, ukigeuza spini kwenye chanzo, pale leza inapozing'oa elektroni kwenye galiamu aseniaidi. Inageuka tena ukichomeka kibamba cha nusu-wimbi, kipande kinachogeuza upande ambao mwanga wa leza unazunguka na spini pamoja nao, kwenye njia ya leza, ilhali elektroniki zote zinaamini hakuna kilichobadilika. Na inageuka ukigeuza uga wa sumaku.

Hii ya tatu ndiyo tamu. Tofauti ya juu na chini ni zao la vitu viwili: spini ikielekea mbele au nyuma, na fotoni ikielekea upande wa uga au kinyume chake. Geuza uga, ishara imegeuka. Ndiyo maana wigla iliyopendekezwa, yaani kifaa cha kuupinda mwale huku na huku, ina sumaku tatu mfululizo, za pembeni zikipinda upande mmoja na ya kati upande wa pili. Elektroni inapindishwa, inarejeshwa, inanyooshwa, na kanda za mwanga zinazotoka zina ishara zinazopingana. Mwale wenyewe ukipanda, kanda zote zinapanda pamoja. Basi toa ukanda mmoja kwa mwengine: mtikisiko wa mwale unafutika, spini inajumlika.

Dalili: tofauti ni 10⁻³ au zaidi, na inafuata spini vizuri kabisa

Hii huwafurahisha wageni, na karibu kila mara ni mwale unaohama.

Fanya hesabu ya haraka. Tuseme doa la mwanga linapofika kwenye kipimo lina upana wa milimita 0.3. Kipimo kimekatwa katikati, juu na chini. Doa likipanda kwa nanomita 40 tu, tofauti ya juu na chini inabadilika kwa 10⁻⁴, sawasawa na spini yote unayoitafuta. Unywele mmoja ni karibu mara elfu mbili ya hapo. Mwale ukihama nanomita 400 kila spini inapogeuzwa, unayo 10⁻³ yako, na hakuna spini hata chembe ndani yake.

Kwa nini mwale uhame kila spini inapogeuzwa? Kwa sababu spini inageuzwa na seli ya Pockels, fuwele inayoendeshwa kwa volti, kwenye meza ya leza. Volti ikibadilika, fuwele ile haibadilishi mzunguko wa mwanga tu, inaweza pia kuusukuma kidogo, kama lenzi iliyokaa upande. Doa la leza likihama kwenye kathodi, yaani ile galiamu aseniaidi, elektroni zinazaliwa mahali pengine, na huko mbele mwale wote umehama. Majaribio ya pariti (yanayotafuta tofauti ndogo sana kati ya spini mbele na spini nyuma) pale Jefferson Lab yamehangaika miaka mingi kuuteremsha uhamaji huo hadi nanomita chache.

Mezani kwetu kosa hili tulilitengeneza kwa makusudi, maana kuliona ni bora kuliko kulisikia. Tulikata ufa kwa wembe kwenye bati la kopo la soda, tukaweka LED nyekundu nyuma yake, na mbele yake fotodaiodi mbili, vidude vya kupimia mwanga, moja juu ya nyengine, zimegusana. LED tuliigandisha kwa gundi kwenye kile kidude cha shaba, duara kama sarafu, kinachopiga mlio ndani ya saa ya mezani. Kidude hicho ukikipa volti kinabonyea, kidogo sana, jicho halioni. Tukakipa volti za kupanda na kushuka, tukaziita spini mbele na spini nyuma. Mwangaza wa LED haukuguswa. Skrini ikachora ishara iliyonyooka, safi, kila volti ikigeuka nayo inageuka.

"Maalim, mbona nzuri hivi?" akauliza mmoja.

"Ndo ubaya wake huo, mwanangu."

Kisha tukatia kipande cha kioo kuugawa mwanga, nusu ukaenda kwenye jozi ya pili ya fotodaiodi. Jozi zote mbili zikaonesha alama ile ile. Spini ya kweli isingefanya hivyo, kwani kwenye wigla kanda mbili zingepingana. Tukatoa moja kwa nyengine, ishara ikazama ndani ya kelele.

Haikuzama yote, na hapa ndipo kazi ilipo. Jozi mbili hazilingani: moja iko mbali kidogo, ufa wa nyengine una makali mabovu. Kwa hiyo kutoa moja kwa moja kunaacha mabaki. Tiba ni kuutikisa mwale kwa makusudi, kwa sumaku ndogo ya kusukuma, kiasi unachokijua, na kupima kila ukanda unaitikia vipi. Ukipata uwiano wa mwitikio, zidisha ukanda mmoja kwa uwiano huo kabla ya kutoa. Asiyefanya hivi anasema amefuta mtikisiko, kumbe amefuta tisa katika kumi yake.

Dalili: sifuri

Mwale upo, mwanga upo, spini ilipimwa kwenye chanzo ikawa zaidi ya asilimia 80, na wewe unaona sifuri.

Kagua alama kwanza. Ukijumlisha kanda mbili badala ya kuzitoa, spini inajifuta yenyewe, na kinachobaki ni mtikisiko uliozidi mara mbili. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko jengine lolote, nami nimo. Mtu ameandika msimbo wake vizuri kwa ukanda mmoja, kisha akanakili mistari kwa ukanda wa pili bila kugeuza alama ya uga.

La pili, na hili lina utamu wake, ni kwamba spini imefika lakini haikufika ikitazama mbele. Spini ya elektroni huzunguka haraka kuliko njia yenyewe. Njia ikipinda kwa pembe fulani, spini inaitangulia kwa pembe hiyo mara E/0.4406, E ikiwa kwa GeV. Kwa GeV 11 ni mara 25 hivi. Kona ya digrii 3.6, ambayo kwenye mchoro wa mashine huioni, inatosha kuilaza spini ubavu. Tofauti ya juu na chini imekufa. Kona ya digrii 7.2 inaigeuza nyuma kabisa, na hapo unapata ishara kamili yenye alama isiyo yake. Ikiwa mwale umepita kona nyingi kabla ya kufika kwako, kosa dogo la nishati linajilimbikiza. Kwenye mashine ya kweli wanarekebisha kwa kichujio cha Wien kule mwanzoni: wanaizungusha spini mapema ili ifike inakotakiwa imeelekea inavyotakiwa. Kwenye uigaji wetu ni tarakimu moja kwenye faili, na watu wanaisahau. Ijaribu: zungusha spini ya mwanzo kwa hatua za digrii 15, chora ishara. Ukipata wimbi la kosaini, kipimo chako ni kizima, ulikuwa umesimama pale kosaini inapokatiza sifuri.

La tatu ni fotoni dhaifu. Ishara ya spini hukua kadiri nishati ya fotoni inavyokua. Zile za chini, nazo ndizo nyingi, hazina takriban chochote cha kusema. Ukizipokea zote, zinaizamisha ishara kama tui jepesi linavyoizamisha chumvi. Weka kizuizi cha metali mbele ya kipimo kinachozimeza laini na kuziacha kali zipite.

Na kwa wanaotumia Geant4, programu ya kuiga chembe: ukiichukua ilivyo, mwanga wake wa sinkrotroni haujui spini ya elektroni kabisa. Lazima fomula ya spini uitie wewe. Kijana mmoja alikaa wiki mbili akitafuta kosa kwenye kipimo, programu haikuwa na spini ya kupima.

Dalili: mwale umezimwa, ishara bado ipo

Elektroniki. Hapa hakuna ubishi.

Volti inayogeuza spini ni kubwa na inageuka kwa ghafla. Waya wake ukipita karibu na waya wa kipimo, au ukichangia nao ethi, kipimo kinasikia kugeuka bila mwanga wowote. Dalili yake nyengine ni kwamba ukichomeka kibamba cha nusu-wimbi ishara haigeuki, kwa kuwa waya haujui habari ya kibamba. Jefferson Lab wamejikinga kwa hila ninayoipenda: mfuatano wa spini unabahatishwa, na taarifa ya spini ilikuwa upande gani inatumwa kwenye elektroniki ikiwa imechelewa kwa vipindi kadhaa. Kipimo kinasoma bila kujua kinachokisoma. Huwezi kumpendelea mtu usiyemjua jina.

Halafu kuna umeme wa ukutani. Kule Marekani ni hezi 60, kwetu ni 50. Kipindi cha kila usomaji kikichukua mizunguko kamili ya umeme, mawimbi yake yanajifuta. Kikichukua mzunguko na robo, yanabaki. Spini kwa miaka mingi ziligeuzwa mara 30 kwa sekunde, na jaribio la Qweak likapandisha hadi 960, sababu mojawapo ikiwa kuikimbia kelele ya polepole. Mezani kwetu tulikuwa tunaona wimbi la hezi 100 lililotushinda kwa siku tatu. Tulibadilisha betri, tukafunika waya kwa karatasi ya bati, tukasogeza ekstensheni. Ilikuwa globu ya dari: mwanga wake unapepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, na ufa wetu ulikuwa unaupokea kwa kuakisiwa na ukuta mweupe. Tukazima taa, tukafanya kazi kwa tochi ya simu.

Dalili: polaraizesheni inatoka asilimia 104

Ishara uliyoipima unaigawa kwa ishara ambayo ungeiona kama spini zote zingeelekea mbele. Ukipata zaidi ya 100, mgawanyo wako ni mdogo kuliko unavyotakiwa. Tazama ramani ya uga wa sumaku: je, umechukua tesla 4 kila mahali, au umehesabu kingo zake? Tazama na umbali wa kipimo. Yupo pia anayesahau kwamba ndani ya wigla yenyewe spini inaendelea kuzunguka. Kona ya miliradiani 10 inaizungusha digrii 14, na mwisho wa kona sehemu inayotazama mbele imebaki asilimia 97. Kosa hilo peke yake kawaida hukushusha, halikupandishi, isipokuwa umelisahihisha mara mbili. Yupo aliyelisahihisha mara mbili.

Kisha kuna kosa la kompyuta ambalo ningependa kila mtu aliye kwenye kazi hii alijue.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Konde, aliendesha uigaji usiku kucha, fotoni zikihesabiwa kwenye chemba mbili za kipimo, ya juu na ya chini. Asubuhi akaja uso umemshuka.

"Maalim, hesabu imegoma."

"Imegomea wapi?"

"Chemba ya juu imesimama milioni 16 na kitu. Ya chini nayo. Zote zimesimama hapo hapo."

Nikamwambia anisomee tarakimu zote. Akasoma: 16,777,216. Sikuhitaji kuifungua programu. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 24. Nambari ya desimali ya biti 32 ikifika hapo, ukiongeza 1 inabaki ilivyo, kwani haina tena nafasi ya kuandikia moja. Histogramu za aina ya TH1F kwenye ROOT, programu ya kuchambua data, zinahesabu kwa nambari hizo. Chemba ya juu na ya chini zote zikijaa, tofauti yao ni sifuri kamili, sifuri nzuri ambayo maumbile hayaitoi. Mbaya zaidi ni pale moja imejaa na nyengine bado: hapo utapata jibu, na jibu litakuwa uzushi. Badilisha ziwe TH1D, zinazohesabu kwa biti 64. Na unapotoa nambari mbili zinazokaribiana, kila kitu kiwe biti 64. Kwa biti 32 unabaki na tarakimu saba hivi za maana, wewe unatafuta 10⁻⁶.

Dalili: mkondo ukipanda, ishara inapungua

Chemba ya ioni imeshiba. Ndani yake kuna gesi, kwenye pendekezo ni zenoni, na fotoni ikipiga inatoa elektroni na ioni zinazovutwa na volti kwenda kwenye bamba. Mwanga ukizidi, elektroni na ioni zinakutana na kurudiana kabla hazijafika, na usomaji hauendi tena sawa na mwanga. Ukanda wenye mwanga zaidi unaathirika zaidi, na hapo ndipo tofauti inapoliwa. Pandisha volti hadi usomaji usibadilike tena kwa volti. Kama hapajafikika, punguza gesi au mwanga.

Kama ishara inabadilika na mkondo lakini hata mkondo mdogo unaonesha kituko, pima sifuri ya kipimo mwale ukiwa umezimwa. Usomaji wa sifuri usiotolewa unaharibu mgawanyo wote.

Kwenye pete mambo yanageuka

Pete inazipanga spini yenyewe. Sokolov na Ternov walionesha miaka ya 1960 kwamba elektroni zinazozunguka, kwa kutoa mwanga tu, zinajipanga polepole kinyume cha uga, hadi asilimia 92.4 kwa hesabu. Spini sasa imesimama wima, kwa hiyo usitafute tena juu na chini: inayobadilika ni jumla ya mwanga. Na jumla ya mwanga kwenye pete inashuka saa zote kwa sababu elektroni zinapotea. Ukiangalia fungu moja la elektroni peke yake utaita kila kitu spini. Linganisha mafungu mawili kwenye pete hiyo hiyo, moja umelivuruga spini zake kwa uga wa masafa ya redio, la pili umeliacha.

Ukiona polaraizesheni haijengeki, tazama saa kwanza. Muda wa kujengeka unapungua kwa kipeo cha tano cha nishati na kuongezeka kwa kipeo cha tatu cha nusu-kipenyo cha kona. HERA, pete ya Hamburg, Ujerumani, kwa GeV 27.5, ilihitaji kama dakika 40. LEP, pete ya CERN karibu na Geneva, kwa GeV 45.6, ilihitaji zaidi ya saa 5. Aliyesubiri nusu saa akasema mashine mbovu, hana subira. Ukisubiri na bado hapana, tazama nishati: kila MeV 440.65 (MeV elfu moja ni GeV moja) kuna mahali ambapo spini inazunguka idadi kamili ya mara kwa kila mzunguko wa pete, na kosa lolote dogo la sumaku linaisukuma pale pale kila ikipita. Mtoto kwenye pembea anasukumwa hivyo hivyo.

Dalili ya mwisho ya pete ndiyo inayowachekesha vijana wa hapa, wengi wao watoto wa wavuvi. LEP walitumia spini kupima nishati ya mwale: unatikisa spini kwa masafa yanayopanda polepole, na masafa yanapolingana na mzunguko wa spini, polaraizesheni inaanguka ghafla. Masafa hayo yanakupa nishati kwa usahihi wa MeV 1 au chini yake. Lakini nishati ikawa haitulii. Inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, zaidi mwezi ukiwa mpevu au mchanga.

Nilipowasomea hivyo, mmoja akasema bila kufikiri: "Si bamvua hiyo?"

Ndiyo, bamvua, ila ya ardhi. Mwezi na jua zinavuta maji yakajaa na kupwa karibu mita 4 kwetu, na zinavuta mwamba pia. Pete ya karibu kilomita 27 ilikuwa inatanuka na kunywea kwa kiasi cha milimita 1. Urefu wa njia ya elektroni umefungwa na masafa ya redio, hauwezi kutanuka na pete. Kwa hiyo elektroni zinapita pembeni kidogo mwa sumaku za kulenga, zinapindishwa zaidi au pungufu, na nishati inahama hadi MeV 10 hivi. Mwaka 1992 walikaa wakapima mwezi mpevu ukipita, na mchoro ukafuata hesabu ya bamvua. Maji mafu, mchoro umelala.

Baada ya kuutoa mwezi, bado kulikuwa na miruko midogo mchana, kimya usiku wa manane. Mwaka 1995 ikagundulika ni treni za umeme zinazopita jirani: mkondo unaorudi ardhini ulikuwa unapitia kwenye bomba la pete na kuzigusa sumaku. Sisi gari moshi letu la Bububu, lililoanza 1905, lilikwisha zamani, na lilikuwa Unguja. Lakini mezani kwetu tulikuwa na miruko ya namna hiyo hiyo, mchana ipo, usiku haipo. Ilikuwa friji ya soda ya duka lililo nyuma ya ukuta. Mwenye duka huizima anapofunga.